SOMO: Kupima uthabiti wa lisozaimu ya ute wa yai kwa joto

Naweka hapa mara moja, maana swali la "mbona grafu yangu imepinda vibaya" limenichosha.

Lisozaimu ni kimeng'enya (protini inayofanya kazi ya kemikali) kinachokata ukuta wa seli ya bakteria, pale sukari NAM inapoungana na NAG. Ya ute wa yai ina asidi amino 129 na madaraja manne ya salfa, yaani viungo vya salfa kwa salfa vinavyoshika mnyororo wake. Karibu na pH 5 hukunjuka (hupoteza umbo lake) kwenye nyuzi 75 hivi.

1. Yeyusha unga wa lisozaimu kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH), chuja.

2. Bafa. Tumia asetati, pH 5. Msitumie Tris! pH yake hushuka takriban 0.03 kwa kila nyuzi moja: ukianza na pH 8 kwenye nyuzi 25, ukifika 75 uko chini ya 7. Hapo unabadilisha joto na pH kwa pamoja, halafu unasema umepima joto. Fosfati haiyumbi hivyo, lakini kadiri unavyoelekea kwenye alkali, joto kali hufanya madaraja ya salfa yabadilishane na protini igande. Ukiona ukungu kwenye kyuveti (kichupa angavu cha kupimia mwanga), tupa sampuli. Usijaribu kuiokoa kwa hesabu.

3. Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye 280 nm, ujue kiasi cha protini. Mg 1 kwa ml hutoa 2.64 hivi kwenye kyuveti ya sm 1.

4. Pasha nyuzi 1 kwa dakika, 25 hadi 90, ukifuatilia mng'ao wa triptofani, asidi amino ya protini inayong'aa ikimulikwa. Mng'ao hufifia kwa joto hata kabla protini haijakunjuka, kwa hiyo chora mistari ya mteremko kabla na baada ya badiliko.

5. Poza, pasha tena. Grafu mbili zisipolingana, protini haikurudi kama awali; usikokotoe nishati ya kukunjuka.

MASWALI

Chipukizi: Mkuu, bafa gani nzuri?
– Hatua ya 2.

Mtafiti_K: Niliweka DTT (kemikali inayovunja madaraja ya salfa) kuilinda, sasa inakunjuka mapema mno. Somo lako lina kasoro.
– Somo halina DTT. Umevunja madaraja yenyewe, ulitarajia nini?

Bi_Molekuli: Samahani kaka, lisozaimu ya faji T4 (kirusi cha bakteria) haina madaraja hayo. Inasimamaje?
– Swali zuri, dada. Ina asidi amino 164, na kinachoishikilia zaidi ni kiini chake kilichojaa vizuri. Ukibadilisha leusini ya 99 kuwa alanini, linabaki tundu linaloweza kuingiza benzini, na uthabiti unashuka sana. Kinyume chake, waliofunga daraja la salfa kati ya nafasi ya 3 na 97 waliiongezea uvumilivu wa joto.

Bi_Molekuli: Na ile ya yai ikipoa vizuri, najuaje kazi imerudi?
– Ipe bakteria wa Micrococcus iwakate. Ukungu wao ukipungua haraka kwenye 450 nm, glutamati 35 na aspartati 52, asidi amino zinazofanya ukataji, zimerudi mahali pake. Pima kabla ya kupasha pia, upate cha kulinganisha.

Chipukizi: Lisozaimu yangu inapungua hata kabla ya kupasha.
– Chupa ya kioo? Lisozaimu ina chaji chanya nyingi, hunata kwenye kioo, hasa ikiwa kidogo. Hamia plastiki.