Kahawa baridi ya iliki na waridi: namna ya kuitengeneza nyumbani

Wanywaji wa kahawa wa pwani wameizoea ikiwa ya moto, imetoka katika dele lililokalia makaa, chungu na isiyo na maziwa, huku ndani yake mna iliki au tangawizi. Upande wa pili wa bahari, Omani na nchi jirani zake, kahawa ya wageni hukaangwa kidogo tu, hutiwa iliki, na mara nyingi huongezwa zafarani au maji ya waridi, kisha hunywewa kwa tende. Mwaka 2015 UNESCO iliiingiza kahawa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa jina la Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Omani na Qatar. Kinywaji kinachoelezwa hapa kimetokana na mapokeo hayo mawili, isipokuwa hunywewa kikiwa baridi, na ubaridi huo ndio unaobadilisha karibu kila hatua ya utengenezaji wake.

Kitu kikipoa, ulimi huuhisi utamu wake kwa uchache, na harufu ambayo ingepanda puani pamoja na mvuke hubaki ndani ya kinywaji. Tena barafu huyeyuka na kuzimua kilichomo. Kwa sababu hizo, mtu anayechemsha kahawa yake ya kila siku pamoja na viungo na waridi katika chombo kimoja, kisha akaimimina juu ya barafu, hupata maji machungu yenye rangi ya kahawia na harufu ya mbali inayokumbusha sabuni. Kinga yake ni kuvitenga vitu vitatu na kukipa kila kimoja moto unaokistahili: kahawa iloekwe katika maji baridi kwa saa nyingi, viungo vipikwe ndani ya shira, na waridi lisiguswe na moto hata kidogo. Vyote hukutana ndani ya glasi wakati wa kunywa.

Tuanze na kahawa, kwa kuwa ndiyo inayohitaji muda. Inayofaa zaidi ni Arabika iliyokaangwa kwa kiasi, yaani ile ambayo punje zake zimekuwa za kahawia lakini hazijaanza kung'aa kwa mafuta; za Kilimanjaro, Mbinga au Nyeri zinapatikana bila shida, na uchachu wake mwepesi unapatana vizuri na ua. Robusta ya Kagera ina uchungu mzito zaidi, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya Arabika, kwa hiyo itumike pale tu mtu anapokusudia kutia maziwa mengi. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, kama ile ya vijiweni, ni nzuri mno ikiwa ya moto pamoja na kashata, lakini moshi wake hulizima waridi kabisa na haifai kwa kazi hii.

Pima gramu 100 za punje, uzitwange kwa kinu na mchi au uzisage kwa mashine mpaka zifanane na chenga za mahindi, si unga. Zitie katika chupa kubwa ya kioo, mimina mililita 800 za maji safi ya kunywa, koroga mpaka kahawa yote ilowe, funika, kisha weka ndani ya jokofu kwa saa 12 hadi 16. Maji baridi huvuta harufu na utamu wa kahawa polepole na kuacha nyuma sehemu ya uchungu na ukali ambao maji ya moto huutoa kwa haraka. Ndiyo maana kahawa iliyoloekwa namna hii ni laini kooni hata ikiwa kali. Muda ukiisha, ichuje kwanza kwa chujio la kawaida, kisha kwa kitambaa safi cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, wala usiyakamue machicha, kwa kuwa kuyakamua huleta tope na ladha kavu. Machicha hunywa takriban maradufu ya uzito wake, hivyo utabaki na kama mililita 600 za kahawa nzito, zinazotosha glasi tano.

Ikiwa kahawa iliyopo ni ya unga mwembamba wa dukani, punguza muda uwe saa nane, uiache ituame baada ya kuchuja, kisha umimine ya juu tu na kuyaacha mashapo chini. Ikiwa umeme hauaminiki au jokofu halipo, ni salama zaidi kuacha njia ya kuloeka na kutumia ya moto: gramu 60 za kahawa katika mililita 500 za maji yaliyochemka na kutulia dakika moja, zikae dakika nne au tano, zichujwe mara moja, kisha chombo kiwekwe ndani ya karai la maji baridi mpaka kahawa ipoe. Haitakuwa laini kama ile ya kwanza, lakini ni afadhali kuliko kahawa iliyolala mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam.

Wakati kahawa inaloweka, pika shira. Sukari haiyeyuki vizuri katika kinywaji baridi. Hutuama chini ya glasi na kumwacha mnywaji akinywa uchungu mwanzoni na utamu mtupu mwishoni. Kwa hiyo tia sufuriani gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, pamoja na punje za iliki 10 zilizopondwa wakati huohuo, karafuu tatu, na kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Iliki ipondwe pamoja na maganda yake, mpaka mbegu zipasuke. Iliki ya unga iliyokaa kabatini kwa miezi imekwisha kupoteza kile unachokitafuta. Mchanganyiko ukianza kuchemka, punguza moto, uache utokote kwa dakika tano, epua, funika, na uuache nusu saa kabla ya kuuchuja. Kufunika ni lazima, kwani harufu ya iliki huruka na mvuke, na jikoni likinukia sana ujue sufuriani kumepungua.

Karafuu nayo inastahili maneno machache, kwa kuwa wengi huihesabu kuwa kiungo tu, kumbe ni ua. Ni tumba la mkarafuu lililochumwa kabla halijafunguka na kuanikwa juani, kama wanavyofanya wakulima wa Pemba na Unguja hadi leo. Ile yenye kichwa kizima cha duara ndiyo bora. Hata hivyo, ukali wake ni mkubwa na mafuta yake hutia ganzi ulimini, kwa hiyo tatu zinatosha kwa shira yote. Ukitia saba au nane, utakuwa umetengeneza dawa ya jino. Tangawizi, ambayo ni rafiki wa zamani wa kahawa ya moto, ningeiacha nje ya kinywaji hiki: muwasho wake hulifunika waridi, na kahawa ya baridi haihitaji kupashwa.

Mwenye zafarani na aitumie, lakini kwa uchache. Nyuzi kumi na tano hivi zisagwe na chembe chache za sukari, ziloekwe katika kijiko kimoja cha chakula cha maji ya moto kwa dakika 20, kisha zitiwe katika shira iliyokwisha kuchujwa. Nazo pia hutoka ndani ya ua, na harufu yake, inayokaribia ile ya asali na majani makavu, huunganisha iliki na waridi. Asiyekuwa nayo asijisumbue, na asidanganyike na rangi ya chakula inayouzwa kwa jina hilo.

Sasa waridi. Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi, na chanzo chake huwa ni chupa yenyewe. Maji ya waridi ya kunywa ni yale yaliyopatikana kwa kukeneka, yaani petali huchemshwa na mvuke wake ukapoozwa ukawa maji tena. Yale ya Iran na Lebanoni huwa meupe kama maji ya kisima na harufu yake ni safi. Yale ya Jebel Akhdar, Omani, ambako mawaridi huchumwa alfajiri katika miezi ya Aprili na Mei na kukenekwa kwa njia ya kale, yana rangi ya kahawia na harufu ya moshi kidogo, na kwa kahawa sijaonja yanayoyashinda. Wenye jamaa Maskati wanajua la kuagiza. Tofauti na hayo ni arki ya waridi inayouzwa katika vichupa vidogo kwa ajili ya keki, ambayo ni kali mara nyingi zaidi na hutiwa kwa tone, si kwa kijiko. Na marashi ya kunyunyizia wageni au ya kujipaka, hata kama yameandikwa waridi, hayanywewi. Soma karatasi ya chupa: ikiwa haisemi kwamba yaliyomo yanafaa kwa chakula, yaache kwenye mrashi.

Mtu mwenye mwasumini uani anaweza kutumia asumini badala ya waridi, na mimi nadhani matokeo yake ni ya kupendeza zaidi, ingawa ni ya kazi zaidi. Chuma matumba yaliyo karibu kufunguka jioni, kwa kuwa ua hilo hutoa harufu yake usiku. Yasuuze taratibu, yaache yaelee juu ya maji ya kunywa yaliyopoa ndani ya bakuli, ufunike mpaka asubuhi. Yaondoe maua, kisha yagandishe maji hayo yawe barafu. Kadiri barafu inavyoyeyuka ndani ya kahawa ndivyo harufu inavyotoka, na ule uzimuaji uliokuwa kero unageuka kuwa faida. Mti uwe ni ule usiopigwa dawa ya wadudu na usio kando ya barabara, nawe uwe na yakini kwamba ni asumini yenyewe. Walioko Marekani wajihadhari na ua la manjano linaloitwa jasmini huko Kusini, ambalo ni la jamii nyingine kabisa na lina sumu. Kilua na mlangilangi vibaki katika kikuba na nywele. Choya, ambayo wengi huikimbilia kwa ajili ya rangi, ni chachu mno, hugombana na kahawa na kuyakata maziwa.

Kila kitu kikiwa tayari, kuchanganya ni kazi ya dakika moja. Jaza barafu katika glasi ya mililita 350, ukichagua mapande makubwa, kwa sababu madogo huyeyuka upesi. Mimina mililita 120 za kahawa, vijiko viwili vya chakula vya shira, na mililita 60 za maji baridi, ukoroge vizuri. Punje mbili tatu za chumvi hupunguza uchungu bila kujulikana. Mwisho kabisa, baada ya kukoroga, tia nusu kijiko cha chai cha maji ya waridi juu, usikoroge tena. Pua itayakuta kabla ya midomo. Onja, kisha ongeza kidogo kidogo, kwa kuwa waridi likizidi halina dawa isipokuwa kuanza upya.

Anayependa maziwa abadilishe zile mililita 60 za maji kwa maziwa halisi yasiyopunguzwa mafuta, na aongeze waridi kidogo, maana mafuta ya maziwa hushika harufu na kuifunika. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanafaa pia, ila shira ipunguzwe iwe kijiko kimoja. Tui la nazi linashawishi, lakini mafuta yake huganda yakikutana na barafu na kuelea kama vipande vya nta, silishauri. Ikumbukwe kwamba kila glasi imebeba takriban gramu 20 za kahawa, kwa hiyo mjamzito, au mtu ambaye usingizi wake ni mwepesi, atumie nusu ya kipimo.

Kahawa iliyochujwa hukaa katika jokofu hadi wiki moja, ingawa baada ya siku ya nne harufu yake huanza kufifia, na shira hukaa wiki mbili ikiwa katika chupa safi iliyokauka. Kahawa iliyokwisha kutiwa maziwa inywewe siku hiyohiyo. Ukiwa na wageni wengi, changanya kahawa, shira na maji katika jagi kwa vipimo vilevile, uliweke jagi hilo ndani ya jokofu bila barafu, na utie barafu na waridi katika kila glasi wakati wa kumpa mgeni. Zitolewe pamoja na tende au kashata ya nazi; ikiwa ni haluwa, ambayo ina iliki na utamu wake wa kutosha, punguza shira kwa nusu.