Kupima nguvu ya mistari ya rubidi iliyopandishwa juu sana
Chukua kichupa cha kioo chenye mvuke wa rubidi, pitisha leza ya nanomita 780, halafu ya kama 480 ije uso kwa uso nayo, elektroni itapanda mpaka ngazi kama 30D (30 ni namba ya ngazi, D ni aina ya njia ya elektroni) na we utaona ile 780 inapenya zaidi. Usikimbilie kusoma kimo cha mstari (ule mwinuko wa mwanga unaopenya) tu, kinadanganya, ukiongeza pawa mstari unanenepa, so pima eneo lote chini yake na 480 iwe hafifu. Rudia kwa 40D, pawa ileile, jotoridi lilelile (hapo ndo watu wanazembea!). Kwenye namba ya ngazi (30 au 40) toa kasoro ya kwanta (sahihisho kwa sababu ya elektroni za ndani ya atomu), 1.35 hivi kwa ngazi za D, nguvu ya mstari inashuka kwa kipeo cha tatu cha namba inayobaki, yani 30D iizidi 40D karibu mara 2.5.