Kuongoza kikundi cha hisa mpaka siku ya mgao

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha hisa cha wauza mboga na dagaa, hapa Morogoro. Kila kikao tunaweka akiba kwa kununua hisa, pesa hiyo tunakopeshana, na mwisho wa mzunguko tunagawana; huo ndio mgao. Kama na wewe umechaguliwa juzi na hujui pa kuanzia, anza na mgao. Kabla ya hisa ya kwanza kununuliwa, kila mwanachama aseme mbele ya wenzake pesa yake ataifanyia nini. Sisi tulikubaliana mzunguko uishe Desemba kwa sababu Januari ni sare, madaftari na michango ya shule. Lengo la kila mtu liandikwe ukurasa wa mwisho wa kitabu chake.

Bei ya hisa mpange kwa kumwangalia mwenye kipato kidogo kuliko wote. Kila kikao mtu hununua hisa moja mpaka tano. Hisa ikiwa shilingi 2,000, mwenye nacho ataweka 10,000, muuza mchicha ataweka 2,000, na wote wawili watagongewa mihuri kitabuni, mmoja kwa kila hisa. Mkipanga kwa kuwatazama wenye maduka, wa chini wataanza kukwepa vikao, na mtadhani ni wavivu.

Halafu sanduku. Kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu wasio viongozi. Pesa ihesabiwe kwa sauti, katikati ya duara, kila mtu aione. Kabla ya kufunga, salio litajwe na wote walishike kichwani. Kikao kinachofuata, kufuli hazijaguswa, muulize mmoja: "Dada, tulifunga na shilingi ngapi?" Akijibu, wenzake wanaitikia au wanamsahihisha. Mimi hupenda kumuuliza yule anayekaa nyuma kimya. Mama asiyejua kusoma akitaja hesabu sawasawa mbele ya mwalimu mstaafu, utamwona anavyonyoosha mgongo, na kikao kijacho atawahi. Katika yote ninayokuandikia, hili usiliache hata mkiwa na haraka.

Rejesho la mkopo likichelewa, usimsomee mtu jina kikaoni kwanza. Mfuate mezani kwake sokoni, nunua fungu la nyanya, uliza biashara inaendaje. Mara nyingi kuna mgonjwa nyumbani, au mzigo umeoza njiani. Kwenye ugonjwa na msiba mfuko wa jamii, yaani pesa ya kusaidiana, upo kwa kazi hiyo. Kwenye hasara, kikundi kikae kimwongezee muda. Anayekwepa kwa makusudi ndiye wa kupelekwa kwenye katiba, yaani kanuni za kikundi. Na faini zikate pande zote: mwenyekiti akichelewa, alipe kabla ya kikao kufunguliwa.

Katiba yenyewe iandikeni mapema, maana mtaihitaji pia kwenye usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vyetu daraja la nne, la vikundi vya kijamii vya fedha, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza.

Mzunguko ukifika nusu, rudini kwenye ule ukurasa wa mwisho. Kila mtu ahesabu mihuri yake aone amebakiza kiasi gani. Siku hiyo mwachie makamu aendeshe kikao, wewe kaa kwenye duara na kitabu chako. Akikosea utaratibu usimkatize. Mwambie mkiwa wawili, kisha mpe kikao kingine.