Jinsi Mkristo Anavyoweza Kupima Uamuzi wa Kutoa Kiungo cha Mwili

Mkristo anayefikiria kumpa ndugu yake figo, au anayetamani viungo vyake viwafae wengine baada ya kufa kwake, mara nyingi huanza na swali la ufufuo: je, nitafufukaje ikiwa nimezikwa bila macho? Swali hilo halistahili kudharauliwa, lakini jibu lake ni fupi. Tangu karne za kwanza Kanisa limekiri ufufuo wa mashahidi walioraruliwa na wanyama au kuteketezwa kwa moto, na Paulo katika 1 Wakorintho 15 anaulinganisha mwili unaozikwa na mbegu, ambayo haichipui katika umbo lile lile lililopandwa. Mungu aliyemfinyanga mtu kutoka mavumbini hashindwi na konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyobaki katika jicho la mtu mwingine. Ukishalipa swali hilo jibu lake, zielekeze fikra zako kwenye mambo yaliyo magumu zaidi: madhara, hiari, na ukweli kuhusu kifo chenyewe.

Kwanza, pima kile kinachotolewa na mtu aliye hai. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuuharibu, hata kwa nia njema. Mnamo 1954, mjini Boston, Ronald Herrick alipompa figo pacha wake Richard, madaktari walikabili jambo zito la kimaadili, kwa maana walikuwa wakimpasua mtu mwenye afya kwa faida ya mwenzake. Wanateolojia nao walijiuliza ikiwa kiungo kinaweza kuondolewa kwa sababu nyingine isipokuwa kuuokoa mwili huo huo. Jibu lililokubalika kwa wengi ni kwamba upendo unaruhusu mtu kujidhuru kwa kiasi, mradi utendaji wa mwili wake haulemazwi na hatari anayoibeba inalingana na faida anayotarajia mpokeaji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2296, inaeleza hivyo, na inakataza waziwazi kumlemaza au kumuua mtu ili kuchelewesha kifo cha mwingine. Mtu aliye hai anaweza kutoa figo moja, sehemu ya ini, uboho au damu. Hawezi kutoa moyo. Muulize daktari hatari zako mwenyewe, si za watu kwa jumla, ukianza na shinikizo la damu na uwezekano wa kupata kisukari baadaye.

Pili, ichunguze hiari yako, na hapa usiharakishe. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Alikuwa akizungumzia sadaka ya mali, na kama fedha inadai moyo huru, figo inadai zaidi. Kwa maoni yangu, dhambi iliyo rahisi kutendeka katika jambo hili hutendwa na familia inayomkalisha mmoja wao kikao na kumwambia kwamba ndugu yake akifa, lawama itakuwa juu yake. Omba kuzungumza na daktari peke yako, bila mgonjwa wala jamaa kuwapo, na ukumbuke kwamba unaweza kubadili nia hadi dakika ya mwisho kabla ya upasuaji. Kukataa si dhambi. Vilevile usipokee malipo: kurudishiwa nauli na mshahara uliopotea ni haki, ila bei ya kiungo humgeuza maskini kuwa ghala la matajiri, jambo ambalo pia Azimio la Istanbul la 2008, tamko la kimataifa dhidi ya biashara ya viungo, linalilaani.

Tatu, jifunze maana ya kifo cha ubongo kabla hujaandika kwamba viungo vyako vitolewe. Mgonjwa aliyepoteza fahamu anaweza kuzinduka, na aliye katika hali ya kutotambua chochote huenda bado anapumua mwenyewe. Wote wawili wako hai. Katika kifo cha ubongo, ubongo wote umekoma kufanya kazi bila uwezekano wa kurejea, na kifua huinuka kwa nguvu ya mashine ya kupumulia tu, ingawa moyo bado unapiga. Kigezo hiki kilipendekezwa na kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard mnamo 1968, na Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 2000 kwamba, kikithibitishwa kwa ukamilifu, hakipingani na mafundisho ya Kikristo kuhusu mwanadamu. Hata hivyo wako Wakristo, Wakatoliki na Waorthodoksi miongoni mwao, ambao dhamiri zao hazijaridhika, nami nawaheshimu, kwa kuwa wanachokihofia ni kumuua mtu aliye hai. Ukiwa na shaka kama hiyo, njia haijafungwa: konea zinaweza kuchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama. Hakikisha pia kwamba madaktari watakaothibitisha kifo chako hawamo katika kikundi cha upandikizaji wa viungo.

Ukishaamua, zungumza na mchungaji au padri wako, kisha uandike kwa majina viungo unavyoruhusu na usivyoruhusu, na uwaambie walio karibu nawe ungali na afya. Waeleze kwamba mwili hurudishwa ukiwa umeshonwa kwa heshima, na kwamba ibada ya mazishi hufanyika kama kawaida.

Na kama ni wewe unayeulizwa hospitalini kuhusu jamaa ambaye hakuacha neno lolote, omba muda wa kusali na kuwasikiliza waliomfahamu vizuri. Msitafute kile ambacho ninyi mngependa, bali kile ambacho yeye, kwa jinsi alivyoishi na kuamini, angekikubali. Na msipopata dalili yoyote ya ridhaa yake, mnaweza kukataa kwa dhamiri safi.