Kuvua kwa Mshipi Msimu wa Kaskazi Bila Kuwamaliza Chewa Wanaotaga

Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huwarahisishia wavuvi wa Kunduchi, Msasani na Kigamboni, jijini Dar es Salaam, kufika kwenye miamba ambayo wakati wa kusi, upepo wa kusini, hufikiwa kwa taabu. Hata hivyo, miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo chewa wengi wa pwani yetu hukusanyika ili kutaga mayai, kwa hiyo anayetaka changu wa kitoweo hana budi kujua namna ya kuwapitia chewa hao bila kuwaangamiza.

Hakikisha kwanza kwamba una leseni ya uvuvi na kwamba unakokwenda kunaruhusiwa. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na humo havuliwi samaki.

Chagua siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa kwenye mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo Dar es Salaam maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, mkondo huwa na nguvu kiasi cha kuupeperusha mshipi, nawe huwezi kujua kama chambo kiko mwambani au kinaelea. Katika maji mafu, chubwi dogo, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, hutosha, na mkono huhisi kila kinachotokea chini.

Tumia uzi wa nailoni wa milimita 0.6 hadi 0.8, ndoana ya wastani na chambo cha ngisi kilichokatwa vipande vyembamba virefu. Teremsha mpaka chubwi liguse chini, kisha vuta juu kama nusu mita, na uulaze uzi juu ya kidole cha shahada kilichovikwa kipande cha mpira wa tyubu. Changu hudonoa mara mbili tatu kabla ya kumeza. Usikurupuke, subiri mvuto mzito ndipo uukaze mshipi. Chewa hadonoi hivyo, bali humeza mara moja na kukimbilia pangoni, na ukimlegezea uzi hukatikia kwenye jiwe.

Chewa akipanda, mtazame vizuri. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, hivyo anayechukua wakubwa tu huondoa madume na kuacha majike wasio na wa kurutubisha mayai yao. Kwa maoni yangu, katika msimu huu chewa mkubwa na yule mwenye tumbo lililojaa mayai warudishwe wote, ingawa kwenye soko la samaki la Feri wangeleta fedha nzuri.

Kumtupa tu majini hakumsaidii. Samaki aliyetolewa kwenye kina kirefu hufika juu kibofu chake cha hewa kimevimba, macho yametoka na tumbo limesukumwa hadi mdomoni. Akiachwa hivyo huelea mpaka afe au achukuliwe na ndege. Usilitoboe tumbo hilo. Andaa mapema ndoana kubwa ambayo kijino chake kimebanwa kwa plaizi, funga mshipi kwenye mpindo wake na uning'inize chubwi zito kwenye tundu lake, ili ncha ielekee chini. Mshike samaki kwa mikono iliyolowa maji, pitisha ncha kwenye ngozi laini ya mdomo wa chini, kisha mwache azame na chubwi. Kadiri anavyoshuka, hewa iliyotanuka husinyaa, naye huanza kupiga mkia. Akifika chini, vuta mshipi kwa nguvu mara moja na ndoana itachomoka. Kazi hii haizidi dakika chache, na inafaa chombo hiki kiwe tayari ngalawani kabla hujatia chambo.

Wakipanda chewa wawili watatu wenye mayai mfululizo, ng'oa nanga uhamie mwamba mwingine, wala usimwonyeshe mtu alama za mahali hapo mpaka msimu upite.