Kuunda Datsun 240Z ya Safari Rally mezani kwako, taratibu bila haraka

Kama umekulia huku kwetu basi hii hobi ulishaianza zamani bila kujua, maana nani hajawahi kutengeneza gari la waya lenye tairi za ndala, au boksi la maziwa na vifuniko vya soda alafu unalikokota kwa kamba mtaa mzima. Magari ya modeli ni raha ileile, ila sasa unafungua boksi lenye vipande vidogo vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, karatasi ya maelekezo na karatasi ya stika za maji, na unakaa nalo wiki tatu nne, jioni nusu saa, jioni saa nzima.

Kitu cha kwanza, na hiki ndo nakiamini kuliko vingine vyote, chagua gari lenye habari kwako. Wengi wanaanza na Ferrari kwa sababu ni zuri kwenye boksi, wakifika katikati wanachoka, boksi linaenda juu ya kabati. Mi langu ni Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971, nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 ubavuni, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller pembeni. Nafasi ya pili ilienda kwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye 1973 akaja kushinda mwenyewe. Miaka hiyo mbio zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanzania, na mzee wangu alikuwa anasimulia jinsi watu walivyokesha barabarani kusubiri taa zitokee kwenye vumbi. Kampuni ya modeli ya Hasegawa ya Japani imetoa hiyo gari kwa skeli ya 1/24, maana yake kila kitu kimegawanywa kwa 24, gari la mita 4 na kidogo linakuwa kama sentimita 17, karibu urefu wa mkono kuanzia kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Seti nyingi za magari za Hasegawa hazina injini, boneti imefungwa, na kwa anayeanza hiyo ni nafuu.

Kupata boksi, agiza mtandaoni au mwagize ndugu anayesafiri. Ila usimwagize makopo ya sprei, hayaruhusiwi kwenye ndege, watamnyang'anya uwanjani na utakuwa umempa usumbufu bure. Rangi tafuta hapahapa kwenye maduka ya rangi za magari, ntakuja kwenye hilo.

Vifaa havihitaji hela nyingi. Koleo ndogo ya kukatia, kisu chenye wembe wa kubadilisha, kibano cha nyusi, vibanio vya nguo, njiti za meno, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, na msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000. Gundi ziwe mbili: ile ya kuyeyusha plastiki, ambayo unapaka kidogo sana kwa brashi ikapita yenyewe kwenye maungio, na gundi nyeupe ya mbao kwa ajili ya vioo. Super glue usiisogeze karibu na vioo, mvuke wake unaacha weupe ambao hautoki.

Sasa kabla hujakata chochote, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana zinatoka kiwandani na mafuta na rangi haishiki vizuri. Zikikauka kata kipande mara mbili, kwanza mbali kidogo, alafu karibu, kile kinundu kinachobaki ukimalize kwa msasa. Ukikata mara moja pale kwenye shina plastiki inang'oka na kuacha kishimo. Na kila kipande kijaribishe bila gundi kwanza. Kila kipande kabisa.

Maelekezo yanakwambia uanze na chesisi. Mi nakwambia anza na bodi, kwa sababu rangi ya bodi inataka siku nyingi kukauka na huo muda ndo utautumia kufanya chesisi, viti na dashibodi.

Rangi ndo sehemu inayowatisha watu, na kwa sisi tunaokaa pwani adui mkubwa ni hewa yenyewe. Mara ya kwanza nilipuliza nyekundu mwezi wa nne, mvua imetoka kukatika dakika chache tu, kesho yake naamka bodi imefunga weupe kama kioo cha gari asubuhi Lushoto, kule milimani kwenye baridi. Iliniuma sana, nikajua nimeharibu. Kumbe tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inapokauka inapoza uso wa rangi na unyevu wa hewa unanaswa humohumo. Nilisubiri siku kavu yenye jua nikapuliza tabaka jembamba jingine, ukungu ukaondoka. Kwa iyo masika fanya kazi za brashi, spreya iache mpaka upate siku kavu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, sehemu ya kivuli, nje au barazani, na uvae barakoa.

Rangi za maduka ya magari baadhi zina tina kali, zinakula plastiki, uso unakuwa kama umekwanguliwa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ambacho huna kazi nacho. Alafu piga praima, yaani rangi ya msingi, na kwa nyekundu iwe praima nyeupe, maana juu ya kijivu nyekundu inapooza inakuwa kama damu ya mzee. Loweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, usiliweke kwenye moto hata kwa dawa, litikise vizuri, shika kama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bodi, anza kupuliza kabla ya bampa na uachie ukishapita bampa ya pili. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi tu, unaona nyeupe bado, usiogope. Matatu manne hivyo, ukipumzisha kama robo saa kila moja. Ukimaliza funika kwa ndoo safi, nzi na vumbi visitue, na usiguse. Alama ya kidole gumba kwenye paa la gari jekundu haifichiki, na watu wote huwa wanagusa siku ya kwanza.

Baada ya wiki ndo unaziba bodi kwa tepu na kubakiza boneti. Hapa kuna ujanja mmoja mzuri sana: ukishakandamiza ukingo wa tepu kwa njiti, puliza kidogo ile nyekundu tena juu ya ukingo kabla ya nyeusi. Nyekundu ndo itakayoingia kwenye vinafasi, ikishaziba nyeusi haina pa kupenya, na ukivua tepu unapata mstari kama umekatwa na wembe.

Stika za maji ni rahisi, kata moja, iloweke sekunde kama 15, iweke kwenye tishu dakika moja, alafu isukume itelezee kwenye bodi ambayo ushailowanisha. Ikikaa, kausha kwa pamba kutoka katikati kwenda nje.

Hapo una gari safi, na wengi wanaishia hapo. Lakini gari la Safari safi sio gari la Safari. Mi natumia udongo wenyewe, nilibeba mwekundu kwenye mfuko wa rambo nikitoka Lushoto, nikaukaanga kwenye kikaango kikuukuu mpaka ukakauka kabisa, nikausaga, nikauchuja kwa soksi ya kike ya nailoni mara tatu. Lazima uwe laini kama poda, kwa skeli hii punje moja ya mchanga wa kawaida ni jiwe. Ule laini kabisa unapaka kwa brashi kavu, ule uliobaki kwenye soksi unachanganya na gundi nyeupe na maji unapata tope, unalirusha nyuma ya tairi kwa kugonga brashi kwenye njiti. Angalia gari lolote lililotoka safari shamba uone vumbi linakaa wapi: chini ya milango, nyuma ya matairi, mlango wa nyuma wote, kwenye paa kidogo sana. Paka kidogo, rudi nyuma, angalia, ndo uongeze.

Kioo cha mbele nakiacha mwisho. Kata tepu vipande viwili vya umbo la nusu duara, vile waipa inavyofagia, vibandike kwenye kioo, alafu paka vumbi kioo kizima, pulizia klia (rangi angavu ya juu) isiyong'aa kwa mbali likamate. Subiri usiku mmoja. Asubuhi vua tepu polepole kwa kibano na utaona nusu duara mbili safi, na kwa ndani usukani na viti viwili.