Jinsi ya kuunda upya kikosi cha kikapu cha chuo wachezaji wakihama

Mechi ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani huchukua dakika 40, na kila timu ina watu watano uwanjani. Hizo ni dakika 200 za kugawa kila mechi. Kocha aliyepoteza mechi msimu mzima, kisha akakimbiwa na nusu ya kikosi, aanzie hapo kabla hajampigia mtu simu.

Andika jina la kila aliyeondoka na wastani wa dakika zake. Jumla ikifika 130, pengo lako ni dakika 130, si "wachezaji saba". Pembeni andika kazi iliyofanyika katika dakika hizo: nani alipandisha mpira hadi upande wa wapinzani akibanwa, nani alimkaba mfungaji tegemeo wa wapinzani, nani alimzuia mtu kwa mgongo ili mwenzake aokote ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Pointi zisikutie homa. Mitupo ya aliyeondoka itarushwa na mwingine tu, ila asipokuwepo wa kupandisha mpira, timu haifiki hata kwenye mtupo.

Waliobaki nao si wako bado. Mwaka 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliondoa kikomo cha mara ngapi mchezaji anaweza kuhama, mradi masomo yake yako sawa. Kaa na kila mmoja peke yake ndani ya siku mbili tatu baada ya mechi ya mwisho, umtajie kazi yake na kadirio la dakika zake. Makocha wengi hujiharibia papa hapa: wanaahidi watu tisa dakika 30 kila mmoja. Hizo ni 270, na mechi ina 200. Kufika Januari watatu wameshanuna, na msimu ukiisha unarudi kwenye karatasi ileile.

Kwa wapya, wastani wa pointi hudanganya. Chukua vikapu alivyofunga, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Aliyefunga 6 kati ya 15, viwili vikiwa vya pointi tatu, ana 7 kwa 15, yaani asilimia 47. Aliyefunga 5 kati ya 9, viwili vya pointi tatu, ana asilimia 67. Wa kwanza kaleta pointi 14, wa pili 12, lakini wa kwanza amekosa mara tisa na mwenzake mara nne. Kisha tazama mechi nzima, si vipande vya kusifia, na macho yawe kwake wakati hana mpira. Kabla ya kukubaliana, ofisi ya masomo ihakikishe kozi zake zitapokelewa. Mchezaji asiyeruhusiwa kucheza ana dakika sifuri.

Kabla ya mechi ya kwanza una mazoezi 30 ndani ya siku 42. Kumi ya mwanzo yawe ya kurudi nyuma haraka na kuongea kwenye ulinzi. Kosa la kikosi kipya linajulikana: mpinzani anaweka kizuizi, yaani anasimama njiani mwa beki ili mwenye mpira apite, mabeki wawili wanamfuata mwenye mpira, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki, na mrushaji wa wapinzani anasimama peke yake kwenye kona. Mara nyingi si uvivu. Kitendo kilekile cha kumsukumia mwenye mpira pembeni, chuo kimoja walikotoka wapya kilikiita "barafu" na kingine "buluu". Chagua neno moja kwa kila kitendo, libandike ukutani, na simamisha zoezi kila mtu anapokaa kimya.

Mashambulizi yawe na mipango mitatu au minne tu. Kitabu kizima cha mwaka jana kitawafanya waitikie kwa kichwa kisha wapotee uwanjani. Kwenye mechi za mwanzo hesabu mipira inayopotea: ikizidi 14 katika mashambulizi 70, ondoa mpango mmoja, na muda wake utumike kumzoesha gadi, mchezaji wa kupandisha mpira, afanye kazi hiyo akibanwa na watu wawili.